Namba Kwenye Daftari la Vipimo

Daftari langu la vipimo la mwaka 2018 sijalitupa. Jalada lilishang'oka na pembe moja imeliwa na panya, lakini kurasa za Agosti zipo zote. Kwenye mmoja nimeandika kwa kalamu ya bluu: kiuno 26, nyonga 35, urefu wa sketi 25. Chini yake, kwa kalamu nyeusi niliyoazima kwa muuguzi, kuna namba ndefu, kisha O+, kisha tarehe mbili: 26 Julai, 30 Agosti.

Sketi ilikuwa ya msichana wa kidato cha pili, na mama yake aliichukua akalipa. Namba ni ya mfuko wa damu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Nashona sare za shule. Kila tarehe 20 Oktoba, hotuba zikianza redioni, hufungua droo ya cherehani nikalitoa daftari hili na kuisoma ile namba. Siku hiyo tunakumbuka usiku wa 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuwakamata akina Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Ramogi Achieng' Oneko, mzee wa huku kwetu Uyoma. Oneko alishinda rufaa yake na bado wakamweka kizuizini hadi 1961. Babu yangu alikuwa akilitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama anayemtaja marehemu wa nyumbani. Zamani tuliiita Kenyatta Dei, mpaka katiba ya 2010 ilipoifanya siku ya mashujaa, isibebe jina la mtu mmoja. Nilifurahi sana kwa hilo. Shujaa wangu sina jina lake. Nina namba.

Homa ilimwanza mwanangu Jumatano. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimpa dawa ya maji ya kushusha homa, ikashuka, nikaenda kazini, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na meza yangu ilijaa vitambaa. Alhamisi vivyo hivyo. Nalisema hili kwa uchungu: nilimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, mimi ninayepima watu kwa inchi kutwa nzima, nikaridhika. Ijumaa hakutaka kucheza. Jumamosi jioni, tarehe 25, nilimkuta kwa jirani kule Nyalenda amelala kwenye mkeka, mbavu zikipanda na kushuka kama za mtoto aliyetoka mbio. Nilimwita, hakugeuza shingo.

Mdogo wangu anaendesha boda. Alitubeba, mtoto nimemfunga kifuani kwa leso, na njia nzima nilikuwa nasikia pumzi zake shingoni kwangu, fupi fupi, za moto.

Muuguzi hakusubiri kipimo. Alivuta ukope wa chini wa mtoto kwa kidole gumba, akatazama. Kisha akakikunjua kiganja chake kidogo akakilaza juu ya changu. "Mama, tazama mwenyewe." Changu kilikuwa na ile rangi ya viganja vyetu, mistari imekoza. Chake kilikuwa kimepauka chote, mistari na nyama, kama kitambaa cha bitana kilichofuliwa mara nyingi mno.

Maabara ilileta jibu: malaria, na wingi wa damu 3.9. Mtoto wa umri ule anatakiwa afike 11 hivi. Daktari, kijana mdogo tu aliyekuwa na macho ya kukosa usingizi, alinieleza akiwa amechuchumaa kando ya kitanda ili tuwe sawa. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo, kisha huzipasua na kuhamia nyingine. Chembe zikiisha, hakuna cha kubeba hewa mwilini. Moyo unakimbia kwa sababu unajaribu kufanya kazi ya siku nzima kwa wafanyakazi wachache. "Dawa ya malaria tumeanza," akasema, "lakini dawa haitengenezi damu usiku huu. Anahitaji kuongezewa."

Na damu haikuwepo.

Sitaitaja hospitali ile, maana wale waliokuwa zamu walifanya kila walichoweza, nami niliwaona. Friji ya damu ilikuwa imebaki na mifuko ya makundi yasiyomfaa mtoto. Mdogo wangu akakunja mkono wa shati pale pale mlangoni: "Dada, waambie wanitoe mimi." Mtu wa maabara akamweleza kwa upole kwamba damu haihamishwi moja kwa moja kutoka mshipa huu kwenda ule. Lazima ipimwe virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na vipimo hivyo havikuwa vya kumalizika hapo usiku ule. Nilitoka nje kupata hewa. Langoni mtu mmoja akanifuata, akaniuliza kama ni damu ninayotafuta, akasema kwa shilingi 8,000 atanipatia. Sikuwa hata na elfu moja. Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ya dakika ile naikumbuka mwilini mpaka leo: mtu kusimama mlango wa hospitali usiku, akisubiri akina mama.

Niliporudi ndani, mtu wa maabara alikuwa kwenye simu. Alipiga hapa, akapiga pale. Kulikuwa na mfuko mmoja mahali pengine, kundi O, umebakiza siku tano muda wake uishe. Mdogo wangu ndiye aliyetumwa na barua na kasha la barafu. Sijui aliendeshaje. Najua alirudi, na kasha alikuwa amelikumbatia tumboni kwa mkono mmoja.

Wakaulinganisha kwanza na damu ya mtoto. Saa saba usiku wakautundika.

Nilikuwa sijawahi kuona mfuko wa damu kwa karibu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, na rangi yake ni nzito, karibu na zambarau iliyoiva. Umetoka kwenye friji, kwa hiyo plastiki ilikuwa imetoka jasho. Juu yake karatasi: namba, kundi, siku iliyotolewa, siku ya mwisho. Nilitafuta jina. Nikaugeuza kidogo, muuguzi akanikataza kwa jicho. Ndipo nikatoa daftari kwenye mkoba, nikaomba kalamu, nikanakili kila kilichoandikwa, kama ninavyonakili vipimo vya mteja nisije nikamkosea.

Mtoto wa kilo 12 alihitaji robo lita tu. Ilishuka tone kwa tone kwa muda wa saa nne hivi. Sikutazama uso wake, niliogopa. Nilikishika kile kiganja, nikakitazama hicho. Alfajiri, adhana ya msikiti ilipokwisha na kunguru wakaanza, mistari ilikuwa imeanza kupata rangi. Kwanza ule mrefu wa chini ya vidole. Kisha kidole gumba. Jua lilipotoka aliniambia ana kiu.

Nikamwendea mtu wa maabara kabla hajatoka zamu. Nilitaka kujua ni nani, nikamshonee kitu, chochote, hata shati la Jumapili. Akatabasamu. "Mama, hatutoi majina. Lakini ninaweza kukuambia kwamba wiki ilipotolewa damu hiyo, karibu yote ilitoka shule za upili. Watoto wa shule ndio wanaotubeba. Shule zikifungwa, friji hukauka. Aprili, Agosti, Desemba, kila mwaka ni hivyo."

Nililia hapo kuliko nilivyolia usiku kucha.

Maana watoto hao nawajua. Nawajua viuno na mabega. Tarehe 26 Julai ilikuwa Alhamisi. Kijana mmoja, au msichana, wa miaka 16 au 17, aliacha kitabu juu ya dawati, akapanga foleni kwenye bwalo la chakula. Akapimwa uzito, awe na kilo 50 au zaidi. Akajibu maswali, akatobolewa kidole, akalala, akakunja na kukunjua ngumi kwa dakika chache, nusu lita kasoro kidogo ikatoka. Akapewa soda na biskuti. Akarudi darasani, pengine kwenye kipindi cha hesabu. Mwezi mzima ukapita. Usiku ule wa tarehe 25 Agosti alikuwa likizoni, yuko nyumbani kwao, amelala, au anagombana na nduguze kuhusu godoro. Hakuna aliyemwamsha kumwambia, wewe, kuna mtoto Kisumu kiganja chake kinarudi rangi sasa hivi.

Hapo ndipo ninapokwama kila mwaka nikisikiliza hotuba. Mtu akimwona mtoto anazama ziwani pale Dunga, ataruka. Nawaheshimu wanaoruka, nimeona wavuvi wakifanya hivyo. Lakini aliyeruka alimwona mtoto. Alisikia kilio, na baadaye mama alimshika mikono. Huyu wangu hakusikia kilio chochote. Hakuonyeshwa picha. Alitoa kwa sababu aliambiwa tu kwamba kuna mtu, mahali fulani, siku fulani, atahitaji, naye akaamini hivyo vya kutosha kukunjua mkono. Mimi kwa maoni yangu hiyo ni imani kubwa kuliko nyingi ninazoziona zikipigiwa makofi.

Kuna jirani yangu wa kibanda aliyeniambia kwamba watoto wale hufuata soda na kukwepa darasa. Tulizozana siku nzima. Mimi ni mtu wa sindano. Ninazo za mkono, za mashine, za kushonea turubai. Ile ya kutolea damu ukiitazama tundu lake utaliona kwa macho bila miwani. Hakuna mtoto anayechomwa ile kwa ajili ya soda moja. Na kama wapo waliofuata soda, damu yao ilipokuwa ikishuka saa nane usiku haikuulizwa ilifuata nini.

Mimi mwenyewe nilienda Februari mwaka uliofuata. Nilikuwa nimejiandaa moyoni kama anayekwenda kubatizwa. Kituoni walinitoboa kidole, wakavuta tone kwa kijirija chembamba cha glasi, wakaliachia juu ya kikombe chenye maji ya bluu, bluu ileile ya kufulia mashati meupe. Ni maji ya mrututu. Tone la damu yenye nguvu huzama. Langu lilishuka kidogo, likasimama, likapanda, likaelea pale juu kama kifungo kilichokatika. Dada wa kituo akanieleza kwamba damu yangu haijafika kiwango, nikitoa nitaumia. Akaniuliza ninakula nini mchana. Nilikuwa ninakula mandazi na chai, kwenye mashine, mguu mmoja kwenye kanyagio.

Nikaenda nyumbani nikabadilisha mambo. Osuga, yaani mnavu, omena, yaani dagaa, maharagwe, maini nikipata pesa, machungwa baada ya chakula. Juni nikarudi. Kikombe kilekile, maji yaleyale. Tone likatua juu, likasita, kisha likazama moja kwa moja mpaka chini, jekundu, mviringo, halikuvunjika. Ninaweza kulichora. Nimeshona magauni ya harusi ambayo sikuyafurahia kama nilivyolifurahia tone lile likienda chini.

Mwanamume huruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Nilipohesabu niligundua jambo: ukianza Aprili, miezi minne ni Agosti, na miezi minne ni Desemba. Ni kana kwamba aliyepanga likizo za shule na aliyepanga zamu za wanawake walikaa meza moja. Tangu hapo hizo ndizo tarehe zangu. Watoto wakienda nyumbani, mimi naingia. Naandika kila mara kwenye daftari la mwaka ule, katikati ya vipimo.

Mwaka 2020 ulinifundisha jinsi nilivyofungwa kamba moja na watoto hawa. Shule zilifungwa Machi. Hakuna aliyenunua sare. Nilishona barakoa ili tule. Na kule kituoni hakukuwa na foleni za wanafunzi, hakukuwa na mabwalo ya kwenda. Agosti mwaka ule nilikuta viti vitupu, dada wa kituo ananiambia wanapiga simu kanisa hadi kanisa, na makanisa nayo yamewekewa kikomo cha watu. Shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2021. Wiki ile kibanda changu kilijaa tena, watoto wamerefuka, kaptula zimewafika juu ya mapaja, nami nilikuwa nikiwapima huku nashukuru kwa mambo mawili kwa pamoja.

Niliwahi kusoma habari za Mwaustralia mmoja, James Harrison. Akiwa na miaka 14 alipasuliwa kifua na akaongezewa damu nyingi ya watu asiowajua, akaahidi kwamba akifika umri naye atatoa. Akaanza 1954, na hakuacha mpaka Mei 2018, umri ulipomzuia: mara 1,173. Damu yake ilikuwa na kinga adimu iliyotumika kutengeneza dawa ya kuwalinda watoto ambao damu yao na ya mama zao hazipatani. Alifariki Februari 2025. Nilipoona mwaka ule wa 2018 nilisimama kusoma. Alipolala kitandani kutoa damu mara ya mwisho kule kwao, mtoto wangu alikuwa bado na miezi mitatu ya afya mbele yake. Na kilichonigusa zaidi kuliko hesabu ni ule mwanzo: naye alianza kwa kudaiwa na watu asiowajua.

Januari ni msimu wangu. Wanakuja na wazazi, wanasimama mbele ya kioo, mikono wazi. Nikifika kwenye mkono wa shati, nikiupitisha utepe kutoka begani hadi kifundo, huwa napita juu ya ule mkunjo wa kiwiko, na huwa napunguza mwendo. Wakubwa ninawauliza: mmewahi kutoa damu? Wengine wanacheka kwa aibu. Wengine wanasema ndiyo kama vile nimewauliza kama wamekula.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyamaza, kisha akaniambia, "Anti, mimi walinikataa." Alikuwa na kilo 48. Alijua mapema, kwa sababu alikuwa amejipima zahanati. Basi siku ile alitia kamusi kwenye mfuko mmoja wa sketi na kufuli ya sanduku kwenye ule mwingine. Mifuko ile niliishona mimi. Muuguzi aliona sketi imevutwa chini, akamwambia atoe kila kitu. Akamkalisha, akamweleza kwamba kiwango kile kimewekwa ili asizimie, na kwamba uongo kwa mtu wa damu unaweza kumdhuru yeye au mgonjwa. Bado akampa soda. Alirudi bwenini akalia. Nilimuuliza kwa nini alitaka sana hivyo. Akasema mama yake alivuja damu akimzaa mdogo wake, na akaongezewa.

Sikumsifu kwa ile kamusi. Muuguzi alimwambia sawasawa. Lakini nilimshonea ile sketi bure, na nikamwachia upindo mpana chini na kiunoni, ili akinenepa isimbane. Mwaka uliofuata alikuja tu kunisalimu. Hakununua kitu. Alikunja mkono wa sweta akanionyesha plasta.

Mdogo wangu naye hakuukunja mkono wa shati bure usiku ule. Kesho yake, kabla hajalala, alirudi akatoa. Damu yake haikumfikia mpwa wake, ilikwenda kwa mtu mwingine ambaye hatutamjua. Sasa yeye na wenzake wanne wa stendi yao wanakwenda pamoja, pikipiki zimepangwa nje ya kituo, na mmoja hubaki kuzilinda kisha wanabadilishana.

Kijana wangu ana miaka kumi sasa. Nimemwonyesha namba. Aliuliza maswali yake, akataka kujua kama damu ile bado imo ndani yake. Nikamwambia chembe zile zilikwisha zamani, siku mia moja na kitu ndio maisha yake, zilimshikilia tu mpaka mwili wake utengeneze zake. Akafikiri. Akauliza umri. Nikamwambia miaka 16. Akauliza kilo. Nikamwambia 50.

Kando ya kibanda changu kuna mashine ya kusaga, na mizani ya magunia iko nje kwenye baraza. Kila Jumamosi akija kuniletea chakula huvua viatu, akaweka hotipoti chini, akapanda, akasimama wima bila kupumua mpaka mshale utulie. Jumamosi iliyopita ulisimama kwenye 31. Mwenye mashine alimwandikia kwa chaki ukutani, chini ya 30 ya mwezi wa Agosti.